Kupona homa ya ini aina C na hatari ya saratani: dhana potofu na ukweli wake

Nchini Misri, virusi vya homa ya ini aina C vilienezwa na kazi iliyokusudiwa kuokoa maisha. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walitibiwa kichocho kwa kudungwa sindano zilizotumika kwa mtu zaidi ya mmoja bila kutakaswa ipasavyo, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 59 alikuwa na virusi hivyo mwilini. Dawa mpya za vidonge zilipopatikana kwa bei nafuu kuanzia mwaka 2014, nchi hiyo ilitibu watu wake kwa mamilioni, na kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 pekee ilipima karibu watu milioni 50. Leo Misri ina umati mkubwa wa watu waliopona, na madaktari wake wamelazimika kujiuliza ni nani kati yao bado yumo katika hatari ya saratani ya ini, na ni nani anaweza kuruhusiwa aendelee na maisha yake bila wasiwasi. Mgonjwa aliyepona popote pengine analo swali hilohilo, na dhana zinazolizunguka zinaweza kumgharimu maisha.

Dhana: Virusi vimekwisha, kwa hiyo saratani haiwezi kunipata.

Kupona kwenyewe ni kwa kweli. Dawa hizi huondoa virusi kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100, na mtu huhesabiwa amepona pale kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe katika damu kinapokosa kuviona wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. (Kipimo cha kingamwili huendelea kuonyesha alama ya maambukizi kwa miaka mingi, hivyo kisimtie mtu hofu.) Hatari ya saratani nayo hushuka sana: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wagonjwa wapatao 22,500 katika hospitali za maveterani wa jeshi nchini Marekani, ulikuta kwamba waliopona walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 72 wakilinganishwa na wale ambao dawa haikuwafaa.

Hata hivyo, kushuka si kwisha. Ini lililoshambuliwa kwa miaka ishirini au thelathini hujaa makovu, na makovu hayo yakilienea lote hadi kulibadili umbo, hali iitwayo sirosisi, baadhi ya seli zake huwa zimekwisha kupata kasoro za vinasaba ambazo dawa ya kuua virusi haiwezi kuzifuta. Katika utafiti huohuo, kati ya watu 100 waliopona wakiwa tayari na sirosisi, karibu wawili walipata saratani kila mwaka. Kwa wasio na sirosisi kiwango kilikuwa 0.34 kwa kila watu 100, yaani chini ya moja ya tano ya hicho.

Dhana: Vidonge vyenyewe ndivyo vinavyoleta saratani.

Hofu hii ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 2016 madaktari wa Barcelona waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa waliowahi kutibiwa saratani ya ini waliiona ikirudi mapema baada ya kumeza dawa hizi. Walifanya vyema kutoa tahadhari. Lakini idadi ya wagonjwa wao ilikuwa ndogo, na tafiti kubwa zilizofuata, ukiwemo wa Ufaransa uliofuatilia karibu watu 10,000 na kuchapishwa mwaka 2019, hazikuunga mkono hofu hiyo: waliotibiwa walipata saratani kwa uchache zaidi na walikufa kwa uchache zaidi. Kumkataza mgonjwa dawa kwa hoja hii ni kumdhuru.

Dhana: Alama ya hatari hutabiri kama nitaugua au sitaugua.

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko kwingine. Alama ya hatari ni namba inayokadiria uwezekano wa kupata saratani. Madaktari wa Misri walitengeneza kipimo cha alama kiitwacho GES, kinachochanganya umri, jinsia, kiwango cha makovu kabla ya matibabu, protini ya albumini katika damu, na alfa-fetoproteini, ambayo ini lenye saratani mara nyingi huitoa kwa wingi. Mwenye alama 6 au pungufu huwekwa katika kundi la hatari ndogo, na anayezidi 7.5 katika kundi la hatari kubwa. Kipo pia aMAP, kinachotumia umri, jinsia, albumini, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) na chembe sahani zinazogandisha damu; chini ya 50 ni hatari ndogo, na kuzidi 60 ni hatari kubwa.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni FIB-4, ambacho kilibuniwa kukadiria makovu, na ambacho daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kukikokotoa kwa kalamu. Unazidisha umri kwa kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, kisha unagawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha kimeng'enya kingine cha ini, ALT. Tuchukue mtu wa miaka 62 mwenye AST 48, ALT 36 na chembe sahani 118 (kwa maelfu katika mikrolita moja ya damu): 2,976 ikigawanywa kwa 708 inatoa 4.2, na chochote kinachozidi 3.25 huashiria makovu mengi. Mwenye miaka 34, AST na ALT 25, na chembe sahani 240, anapata 0.71, chini kabisa ya 1.45, mpaka ambao chini yake makovu mengi hayatarajiwi.

Namba hizi hueleza kundi. Mtu wa kundi lenye hatari ya asilimia mbili kwa mwaka ana uwezekano mkubwa wa kuumaliza mwaka akiwa salama, na aliye katika kundi la hatari ndogo hakupewa hati ya kinga. Kwa maoni yangu, thamani ya alama ni kumsaidia daktari kuamua nani aitwe kwa altrasaundi na nani asihangaishwe, hasa pale mashine ni chache na foleni ni ndefu. Tena alama nyingi haziulizi kuhusu pombe, kisukari, homa ya ini aina B wala sumukuvu ya mahindi na karanga, mambo ambayo mgonjwa wa Afrika Mashariki anapaswa kuyataja mwenyewe kliniki.

Dhana: Vipimo vyangu vya sasa ni vizuri, kwa hiyo vya zamani havina maana.

Baada ya virusi kuondoka, uvimbe wa ini uliosababishwa navyo hutulia upesi. AST na ALT hushuka, FIB-4 hushuka nazo, na hata mashine inayopima ugumu wa ini hutoa namba ndogo, ilhali makovu huyeyuka polepole sana, pengine yasiishe. Anayeanza kupimwa baada ya matibabu anaweza kuonekana mzima kuliko alivyo. Ndiyo maana miongozo ya tiba inataka aliyekuwa na sirosisi kabla ya dawa abaki kwenye ufuatiliaji hata namba zikipendeza, na ule wa Ulaya huwaongeza wenye makovu mengi yasiyofikia sirosisi. Naomba kila mgonjwa adai nakala ya vipimo vyake vya kabla ya tiba na aitunze.

Dhana: Miaka imepita na sisikii maumivu, naweza kuacha kliniki.

Saratani ya ini ikiwa changa haiumi. Ufuatiliaji wa maveterani wa Marekani umeonyesha kwamba kwa waliokuwa na sirosisi hatari inaweza kudumu hadi miaka kumi baada ya kupona. Altrasaundi kila baada ya miezi sita, mara nyingi pamoja na kipimo cha alfa-fetoproteini, hukusudia kuukuta uvimbe wa saratani ungali mdogo, ambapo bado inawezekana kuukata kwa upasuaji au, ukiwa chini ya sentimita 3, kuuchoma kwa sindano maalumu inayopitishwa kwenye ngozi.