Je, wajua? Kampuni ya umeme inaweza kuuza umeme bila kuweka faida juu yake

Kwa miaka mingi niliamini kampuni ya umeme hupata faida kama mama ntilie: sahani zikitoka nyingi, mfuko unanenepa. Kwa hiyo niliposikia kampuni binafsi huko California zinawasaidia wateja kununua taa zinazokula umeme kidogo, nikadhani ni sadaka. Nilikosea, tena kwenye msingi wenyewe.

Majimbo ya Wisconsin na New York, Marekani, yalianza mwaka 1907 kuziweka kampuni za umeme chini ya tume ya serikali ya jimbo, kwa kuwa mteja hana pa kuhamia. Majimbo mengine yakafuata. Tume ndiyo hupanga bei, na hapo ndipo kioja kilipo. Mafuta, mishahara na matengenezo, kampuni hurudishiwa bila nyongeza. Faida huwekwa juu ya mtaji tu: mitambo, nguzo, nyaya, transfoma.

Chukulia umempa fundi nyumba yako aitunze. Akiziba bati au akinunua dawa ya mchwa, unamrudishia alichotumia, basi. Lakini akijenga kitu cha kudumu kwa hela yake, unamlipa kidogo kidogo kwa miaka 30, na kila mwaka unamwongezea asilimia 10 ya deni lililobaki. Sasa bati linavuja. Fundi anapanda juu, anatikisa kichwa, anashuka na kukwambia paa zima limechoka. Na huenda kweli limechoka! Tabu ni kwamba wewe huna ngazi, na aliyepanda ndiye anayelipwa kwa paa jipya.

Tume ndiyo inayotakiwa kuwa na ngazi. Kazi si nyepesi. Matawi yakigusa nyaya, umeme hukatika au moto huwaka. Kuyakata ni matengenezo, hakuna faida. Kufukia nyaya ardhini ni mtaji. Mwaka 2021 kampuni ya PG&E ya California ilitangaza mpango wa kufukia nyaya za kilomita zipatazo 16,000. Waya uliofukiwa hauchomi msitu kirahisi, hilo halina ubishi. Ubishi ni bei, maana wapo wanaosema nyaya za juu zilizovishwa plastiki zingepunguza sehemu kubwa ya hatari kwa fedha kidogo zaidi.

Wachumi Averch na Johnson waliuandika mtego huu, wa kampuni kupendelea kujenga kwa kuwa faida iko kwenye mtaji, mwaka 1962. Kwenye karatasi hesabu yao inakaa vizuri. Waliojaribu kuupima kwenye kampuni halisi hawajakubaliana, kwa hiyo nisimhukumu kila fundi.

Na mama ntilie wangu hakukosea kabisa. Bei ikishapangwa, hukaa hivyo hadi tume ikutane tena, na katikati hapo kila uniti ya ziada huleta chochote. Ndiyo maana California ilitenganisha mapato ya kampuni na wingi wa umeme unaouzwa, kuanzia 1982. Zile taa zikaacha kuwa hasara.

Lakini mtaji unaweza kulipiwa hata kabla haujazalisha kitu. Huko South Carolina, jimbo jingine la Marekani, sheria ya mwaka 2007 iliruhusu wateja kuanza kulipia mtambo wa nyuklia ungali unajengwa. Vinu viwili vipya vya kituo cha V.C. Summer viliachwa Julai 2017, baada ya kumeza takriban dola bilioni 9. Wateja walikuwa wamekatwa kwenye bili kwa miaka kadhaa, na vinu havikuzalisha hata uniti moja.