Mchezo wa upelelezi wa redioni ni nini?

Mchezo wa upelelezi wa redioni ni hadithi ya uhalifu inayoigizwa kwa sauti tupu. Waigizaji wanazungumza, mafundi wanatoa mlio wa nyayo, mlango na bastola, na mengine yote msikilizaji anayaona kichwani mwake. Nchini Marekani michezo hii ilivuma tangu miaka ya 1930 hadi televisheni ilipoichukulia hadhira yake katika miaka ya 1950.

Mfano wake bora ni The Shadow, yaani Kivuli. Mwaka 1930 kampuni ya uchapishaji ya Street & Smith ilidhamini kipindi cha redio ili kutangaza jarida lake la hadithi za upelelezi. Mtambulishaji wa kipindi akapewa jina hilo na sauti ya kutisha. Basi wasikilizaji wakaenda kwa wauza magazeti kuulizia jarida la Kivuli, ilhali halikuwepo! Mwaka 1931 kampuni ikalianzisha, na Walter B. Gibson, mwandishi wa habari na mwanamazingaombwe, akapewa kazi ya kumtungia mhusika huyo maisha, kwa jina la bandia Maxwell Grant.

Majarida ya aina hiyo yalichapishwa kwenye karatasi hafifu, yakauzwa kwa senti chache, na kwa kawaida waandishi walilipwa kwa idadi ya maneno. Gibson aliandika riwaya 282 kati ya 325 za Kivuli, na kwa miaka kadhaa jarida lilitoka mara mbili kwa mwezi. Wapo wanaoibeza kazi ya namna hiyo kwa sababu ya haraka yake. Mimi naiheshimu sana: kumshika msomaji kila baada ya wiki mbili si jambo dogo.

Mwaka 1937 Kivuli akapata mchezo wake kamili redioni, akiigizwa na Orson Welles, kijana wa miaka 22. Hapo ndipo utaona sauti inavyobadili hadithi. Jaridani Kivuli hujificha gizani kwa joho jeusi, lakini joho halisikiki. Redioni akapewa uwezo wa kuzitawala akili za watu wasimwone, na mafundi wakaichuja sauti yake ikatoka kama ya kwenye simu; sauti ikibadilika tu, msikilizaji anajua shujaa ametoweka. Akahitaji pia mtu wa kuzungumza naye, ndipo akabuniwa Margot Lane. Mwaka 1941 Gibson naye akamwingiza mwanamke huyo kwenye riwaya zake.