Samaki wa Feri darasani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Bila maabara hakuna sayansi ya ugunduzi, yaani ile ambayo wanafunzi hutafuta jibu wenyewe kwa kuchunguza.
Shule iliyo karibu na Feri ya Mtwara (soko la samaki ufukweni), Mikindani au Lindi mjini hushushiwa maabara yake ufukweni kila asubuhi. Wanafunzi watano wanatoshwa na samaki watatu: tasi, kibua na chewa mdogo, pamoja na mkasi, ubao, uzi na rula. Mwombe muuzaji asiwapasue, kwani samaki aliyetolewa matumbo hana tena nusu ya somo. Waweke kwenye barafu hadi kipindi kianze. Tumbo la kibua huharibika upesi kwenye joto.

Dhana: Ugunduzi maana yake mwalimu anyamaze.
Jibu ni la wanafunzi, swali ni la mwalimu. Ukisema "chunguzeni samaki" utapata michoro tu. Uliza: "Yupi anakula mwani, na mmejuaje?" Waandike makisio kwanza, ndipo wapasue kuanzia mkunduni kuelekea kichwani, ncha ya mkasi ikiwa juujuu isitoboe utumbo. Waukunjue utumbo kwenye ubao uliolowa, waufuate kwa uzi, wapime uzi, kisha wagawanye kwa urefu wa mwili. Wasiuvute: utumbo hurefuka, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika. Wa tasi, mla mwani, huwa mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Wa chewa, mla nyama, hauzidi mwili kwa mengi, maana nyama ni rahisi kusagika. Kisha wafunue matamvua ya kibua waone vichujio virefu kama meno ya kitana. Usiwaambie ni vya nini. Wavilinganishe na vya chewa, vifupi na vichache, wajadiliane.

Dhana: Samaki hutambulika kwa rangi.
Rangi hufifia samaki akifa. Umbo la mkia, mdomo na mapezi ndiyo ya kuaminiwa.

Dhana: Kila kiuzwacho soko la samaki ni samaki.
Pweza na ngisi hawana uti wa mgongo. Taa na papa ni samaki, ingawa kiunzi chao ni gegedu, si mfupa mgumu.

Dhana: Samaki aliyekufa hadhuru.
Miiba ya tasi, mgongoni na tumboni, hubaki na sumu. Mwalimu aikate kabla ya kipindi. Aliyechomwa atumbukize kidole katika maji ya moto anayoweza kuvumilia, nusu saa au zaidi. Joto hupunguza nguvu ya sumu hiyo. Bunju asiingie darasani kabisa: sumu yake haiondoki hata kwa kupikwa.