Kuhamia Linux: tafuta programu mbadala kabla ya kugusa Windows

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa mitumba kwa ajili ya shule, vituo vya afya na ofisi ndogo za Uganda hazifikii sharti hilo, ingawa bado ni nzima na zinafanya kazi. Ndiyo maana watu wanaouliza habari za Linux Mint na Ubuntu, matoleo mawili ya Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, wameongezeka, na swali lao huwa ni lilelile: je, Linux ina Word? Ina QuickBooks ya uhasibu? Ina CorelDRAW ya michoro?

Jibu la moja kwa moja ni hapana, lakini jibu hilo halimsaidii mtu. Swali la maana ni kazi gani hasa inafanywa kwa Word au kwa CorelDRAW, na nani anaipokea ikishakamilika. Anayeandika barua na kuzichapa ofisini kwake hana tatizo. Mwenye faili analopaswa kulirudisha kwa mteja likiwa vilevile, ili mteja aendelee kulihariri, ndiye anayehitaji maandalizi.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usianze kwa kufuta Windows. LibreOffice (kazi za ofisini), Firefox (kivinjari), Thunderbird (barua pepe), GIMP (picha), Inkscape (michoro), VLC (kutazama video) na Audacity (sauti) zote zina matoleo ya Windows, tena bila malipo. Ziweke kwenye kompyuta uliyo nayo sasa, ufanye nazo kazi yako ya kila siku hadi mkono uzoee. Siku ya kuweka Linux ikifika, utakachobadilisha ni mfumo tu. Programu utazikuta zilezile. Mfanyakazi anayebadilishiwa vyote viwili kwa siku moja huishia kuilaumu Linux kwa kila jambo, hata fomula aliyoikosea mwenyewe, na ndani ya wiki mbili ofisi nzima inataka kurudi ilikotoka.

Kabla ya hapo, kaa na katibu na mhasibu muorodheshe kazi. Usimuulize mkuu wa ofisi peke yake, kwa sababu mara nyingi hajui kwamba mishahara inategemea faili moja la zamani lenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Utashangaa kuona kazi nyingi hazihitaji mbadala wowote kwa kuwa zinafanyika ndani ya kivinjari. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao Uganda imekuwa ikiutumia kwa zaidi ya miaka kumi, hufunguka kwenye Firefox ya Linux sawa na ilivyo kwenye Windows. Barua pepe, WhatsApp Web, Google Meet na tovuti za benki ni hivyohivyo. Zoom ina toleo lake la Linux.

Kazi za ofisini ndizo zinazoleta maswali mengi. LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za docx na xlsx, lakini usiipime kwa barua ya kurasa mbili. Chukua faili gumu kuliko yote uliyo nayo. Shuleni, faili hilo kwa kawaida ni la kadi za ripoti: lahajedwali la alama za darasa zima, fomula za VLOOKUP za kutoa gredi, kisha barua unganishi inayomchapia kila mwanafunzi ukurasa wake. VLOOKUP hufanya kazi bila shida. XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, inahitaji LibreOffice 24.8 au toleo la baadaye, kwa hiyo angalia namba ya toleo kabla ya kudai kwamba programu haiwezi. Barua unganishi ipo pia, ila hatua zake ni tofauti na za Word, na mwalimu anahitaji kuelekezwa mara moja au mbili. Makro za VBA, lugha ya makro ya Microsoft Office, ndizo zenye mashaka: nyingine hufanya kazi, nyingine hukwama katikati bila kueleza sababu. Baadhi ya fomu za ritani za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, zimekuwa zikitolewa kama faili za Excel zenye makro za kuhakiki ulichojaza. Kwa fomu za namna hiyo usibahatishe. Zijazie kwenye kompyuta yenye Excel halisi.

Mpangilio wa ukurasa ukivurugika, mara nyingi kosa liko kwenye fonti. Calibri na Cambria haziji na Linux, basi maneno hubadilika upana na mistari ikasogea. Weka fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina vipimo sawa na hizo mbili. Kwa Arial na Times New Roman kuna Liberation Sans na Liberation Serif. Mtihani uliokuwa unamwagikia ukurasa wa tano hurudi kwenye kurasa zake nne. Na kama mpokeaji atausoma tu bila kuuhariri, mtumie PDF.

Kuna faida moja ambayo watu wa lugha zetu wanastahili kuijua. Herufi ŋ ya Kiganda na Kiacholi huwasumbua wengi kwenye Windows, hadi wanaandika «ng» na kuendelea. Kwenye Linux, chagua katika mipangilio ya kibodi kitufe kimoja kiwe Compose, yaani cha kuunganisha herufi, kisha bonyeza Compose, n, g, moja baada ya nyingine, na eŋŋoma itaandikika inavyopaswa. LibreOffice pia ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na kwa walimu wa Kiswahili hilo si jambo dogo.

Wachapaji wa Nasser Road hapa Kampala wana hali yao, na siwezi kuwaambia kwamba kuhama ni rahisi. CorelDRAW imekaa pale kwa miaka mingi, na wateja huja na faili zake, za CDR, kwenye flashi. Inkscape hujaribu kuzifungua, lakini maandishi na rangi zinazofifia huweza kuharibika. Zaidi ya hapo, Inkscape kimsingi hufanya kazi kwa rangi za RGB, ambazo ni za skrini, wakati mashine ya ofseti inataka CMYK, rangi nne za wino. Njia inayofaa ni kuchora kwenye Inkscape, kupanga kazi nzima kwenye Scribus, ambayo inazimudu CMYK, kisha kutoa PDF ya kupeleka mashineni. Kazi za zamani unazotaka kuendelea kuzitumia zifungue kwenye CorelDRAW ungali nayo, uzihifadhi kama SVG au PDF. Usingoje leseni iishe au kompyuta ife. Mchapaji anayepokea CDR kila siku, mimi namshauri abaki na kompyuta moja ya Windows na kuhamisha zile nyingine.

Kwa picha kuna GIMP, ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025, na kwa video kuna Kdenlive. Wanaotengeneza ramani wana QGIS, na wengi wao wanaitumia tayari. Watafiti waliozoea SPSS kwa takwimu wajaribu PSPP au R.

Uhasibu unataka subira kuliko mengine yote. GnuCash ni programu nzuri, inafuata kanuni ya kuingiza kila muamala pande mbili, na inatosha kwa chama cha akiba au biashara ndogo. Lakini haifungui vitabu vya QuickBooks wala Tally. Utatoa orodha ya akaunti na salio kwenye programu ya zamani kama CSV, faili rahisi la jedwali, kisha uanze vitabu vipya. Usifanye hivyo katikati ya mwaka wa hesabu. Kama mwaka wenu unaishia 30 Juni, hamieni 1 Julai, mkiwa na salio lililokwisha kukaguliwa mkononi. Hakikisheni pia jinsi mnavyotoa ankara za EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki: anayetumia tovuti ya URA hana wasiwasi, ila ambaye programu yake ya mauzo imeunganishwa moja kwa moja na EFRIS amuulize kwanza aliyemtengenezea.

Programu isiyo na mbadala unaweza kuijaribu kwa Wine, ambayo huendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux. Ikigoma, VirtualBox hukupa Windows nzima ndani ya dirisha, ila itahitaji RAM ya kutosha na leseni halali. Nasisitiza leseni kwa sababu programu zilizovunjwa kinga, zinazogawiwa kwa flashi, ni njia kubwa ya virusi kuingia ofisini, na kuzibeba hadi Linux ni kuhama na tatizo lilelile.

Printa ijaribiwe kabla ya yote. Linux Mint hufunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, basi iwashe hivyo, chapa ukurasa mmoja, jaribu skana, Wi-Fi na modemu. HP nyingi hutambulika zenyewe. Faili la usakinishaji la Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo lipakuliwe mara moja penye intaneti nzuri kisha ligawiwe kwa flashi, kila kompyuta isije ikala bando lake.

Shule zihamie katika likizo ya Desemba, si wiki ya mitihani. Nakala ya data iwe kwenye diski ya nje, na mtu aifungue kweli kuthibitisha kwamba inasomeka. Diski ya Windows ya kompyuta ya mhasibu itolewe na kuwekwa nyingine ya Linux; ile ya zamani iandikwe jina, ifungiwe kabatini, na isifutwe hadi mishahara ya miezi mitatu na ritani zake ziwe zimepita.