Ligi ya wakubwa peke yao, na nusu pointi ya Namungo

Uliza kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo kuhusu klabu kubwa kujitenga na kuanzisha ligi yao. Utapata majibu mawili yanayogongana, na mara nyingi yanatoka kwa mtu yuleyule. Akiwa shabiki wa Liverpool au Real Madrid aliyelipa kiingilio banda umiza, anataka mechi nzito kila Jumatano. Akiwa mwana Yanga au mwana Simba, anauliza timu yake itaingiaje na nani ameamua. Mimi naona swali la pili ndilo la kushikilia hata unapozungumzia Ulaya, kwa sababu kila kilichoharibika kule mwaka 2021 kilianzia mlangoni.

Tuanze na mpango wenyewe, maana wengi walioubishania hawakuwahi kuusoma. Usiku wa Jumapili, 18 Aprili 2021, klabu 12 zilitangaza Super League: sita za Uingereza (Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham), tatu za Hispania (Real Madrid, Barcelona, Atlético Madrid) na tatu za Italia (Juventus, Milan, Inter). Mwenyekiti alikuwa Florentino Pérez, rais wa Real Madrid. Ligi ingekuwa na timu 20. Kati ya hizo, 15 zingekuwa waanzilishi wa kudumu wasioshuka kamwe, na nafasi tano tu ndizo zingeshindaniwa kila msimu. Timu zingegawanywa makundi mawili ya timu kumi kumi, kila moja icheze mechi 18 nyumbani na ugenini. Watatu wa juu wangeingia robo fainali moja kwa moja, wa nne na wa tano wangecheza mchujo. Waanzilishi walikuwa wameahidiwa euro bilioni 3.5 za kugawana, kwa mtaji uliopangwa na benki ya JPMorgan.

Sasa fanya hesabu ya nafasi ya sita hadi ya kumi. Timu iliyokwama pale haina robo fainali wala mchujo, na ikiwa mwanzilishi haina hofu ya kushuka. Mechi zake za mwisho hazina kazi. Kwenye Ligi Kuu yetu, timu ya 13 na ya 14 mwezi wa mwisho zinacheza kama vita kwa sababu kuna mchujo wa kubaki, na mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja. Ukiondoa hofu hiyo, mechi "kubwa" ya Jumatano inabaki kubwa kwa jina la jezi tu. Wanaosema ligi za Marekani nazo hazina kushuka daraja wanasahau kwamba kule kuna vitu vya kusawazisha: ukomo wa mishahara, na utaratibu unaozipa timu dhaifu nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji chipukizi. Super League ilichukua uhakika wa kubaki bila kuleta utaratibu huo wa kuwainua wanyonge.

Halafu angalia nani alipewa nafasi ya kudumu. Arsenal ilimaliza ya nane msimu wa 2019/20, na ikamaliza ya nane tena 2020/21. Tottenham ilikuwa haijachukua ubingwa wa Uingereza tangu 1961. Arsenal, Tottenham, Manchester City na Atlético zote zilikuwa hazijawahi kutwaa Kombe la Ulaya la klabu (sasa Ligi ya Mabingwa) hata mara moja wakati ule. Ajax yenye makombe manne haikuwemo. Porto yenye mawili haikuwemo. Nasema hivi bila chuki na Arsenal, ambayo Dar ina mashabiki wengi na waaminifu sana. Ila kigezo kilikuwa ukubwa wa soko la leo, na soko hilo ni pamoja na sisi tunaonunua jezi na king'amuzi.

Mashabiki wa Uingereza waliikataa haraka kuliko wenye klabu walivyotarajia. Kura ya maoni ya YouGov siku zilezile ilionyesha asilimia 79 ya mashabiki wa mpira wakipinga. Jumatatu, wachezaji wa Leeds walipasha misuli kabla ya mechi na Liverpool wakiwa na fulana za kusema nafasi hupatikana uwanjani. Jumanne, 20 Aprili, mashabiki wa Chelsea walifunga barabara nje ya Stamford Bridge kabla ya mechi na Brighton, na Petr Čech, kipa wao wa zamani aliyekuwa mshauri wa klabu, alitoka kuwasihi wafungue njia ili basi la timu lipite. Usiku ule klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa. Tarehe 2 Mei mashabiki wa Manchester United waliingia Old Trafford na mechi yao na Liverpool ikaahirishwa. Shabiki wa United alikuwa na hasira ya miaka mingi juu ya madeni ambayo familia ya Glazer iliitwisha klabu. Super League ilimpa sababu ya kuyatoa yote kwa mara moja.

Lazima niseme jambo moja ambalo mashabiki wengi hulikwepa: Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe ni matokeo ya kujitenga. Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la kwanza ziliondoka kwenye ligi ya zamani ili zijiuzie zenyewe haki za matangazo ya televisheni. Mashabiki waliimeza, na naamini sababu kubwa ni kwamba njia ya kupanda na kushuka haikuguswa. Leicester ikapanda 2014 na kuwa bingwa 2016. Kwa hiyo anayepinga kila aina ya kujitenga anapigana vita isiyo yake. Na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, si malaika. Tarehe 19 Aprili 2021, siku moja tu baada ya tangazo la Super League, ilipitisha Ligi ya Mabingwa ya timu 36 yenye mechi kumi za awali, pamoja na nafasi mbili kwa klabu zenye pointi za historia hata kama msimu huo zimefanya vibaya. Huo ulikuwa mlango wa nyuma uleule. Kelele za mashabiki ziliendelea, na Mei 2022 zile nafasi mbili zikahamishiwa kwa nchi ambazo klabu zake zimefanya vizuri zaidi msimu uliotangulia, na mechi zikapunguzwa kuwa nane.

Sasa turudi nyumbani, maana hili lilitufikia kwa mguu. Agosti 2022, mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, uliofanyika Arusha ulizindua ligi ya klabu 24 za Afrika, zawadi ya jumla dola milioni 100, bingwa dola milioni 11.5. Ilipofika uwanjani ilikuwa imesinyaa: klabu nane, jina jipya la African Football League (AFL), bingwa dola milioni 4. Mechi ya ufunguzi ilichezwa kwa Mkapa tarehe 20 Oktoba 2023, Simba 2, Al Ahly 2, Infantino, rais wa FIFA, akiwa jukwaani. Marudiano Cairo yaliisha 1-1, Simba ikatoka kwa magoli ya ugenini, kanuni inayompa ushindi aliyefunga mengi ugenini jumla ikiwa sare. Mamelodi Sundowns ikawa bingwa mbele ya Wydad.

Msimu uliotangulia, bingwa wa Tanzania alikuwa Yanga. Tena Yanga ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho, mashindano ya pili ya klabu ya CAF, dhidi ya USM Alger: ikafungwa 2-1 Dar, ikashinda 1-0 Algiers tarehe 3 Juni 2023, ikakosa kombe kwa magoli ya ugenini. Miezi minne na nusu baadaye, mechi kubwa ya mwaliko inafunguliwa Temeke, na Wananchi, yaani Yanga, ni watazamaji. Kwa haki, Simba ilikuwa na rekodi nzuri zaidi ya miaka kadhaa kwenye mashindano ya CAF, na si kosa lake kualikwa. Lakini mwana Yanga aliyeudhika siku ile alikuwa na hoja ileile ya shabiki wa Leicester: nafasi hupatikana uwanjani.

Pesa ndiyo inayowapoteza viongozi wa klabu. Simba ilipata dola milioni moja kwa kuishia robo fainali ya AFL, yaani kwa mechi mbili. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu ule ililipa dola 900,000, baada ya raundi za awali na mechi sita za makundi. Mhasibu akiangalia safu hizo mbili, mwaliko unashinda. Kisichoonekana kwenye safu ni pointi, na hapa naomba usome taratibu.

CAF huhesabu pointi za kila nchi kwa misimu mitano ya Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho. Ligi ya Mabingwa: bingwa 6, aliyefungwa fainali 5, nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu kwenye kundi 2, wa nne 1. Kombe la Shirikisho: 5, 4, 3, 2, 1, na wa nne kwenye kundi nusu pointi. Msimu wa karibuni huzidishwa mara 5, unaofuata nyuma mara 4, hadi wa mwisho mara 1. Nchi 12 za juu hupeleka timu nne badala ya mbili. Kwa Tanzania kuelekea 2025/26: Simba fainali ya Shirikisho (4) na Yanga ya tatu kwenye kundi la Mabingwa (2), mara 5, ni 30. Robo fainali mbili za Mabingwa 2023/24 (3 na 3), mara 4, ni 24. Msimu wa 2022/23, Yanga 4 na Simba 3, mara 3, ni 21. Simba 2021/22, 2 mara 2, ni 4. Mwaka 2020/21, Simba 3 na Namungo nusu, ni 3.5. Jumla 82.5.

Pointi hizo ni za nchi nzima. Ndizo zilizowapa Azam na Singida Black Stars nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho 2025/26, na hata Namungo ya Ruangwa iliyoburuza mkia kwenye kundi lake iliacha nusu pointi mezani. Klabu mbili kubwa zikihamia kwenye ligi ya mwaliko na kuyapa kisogo mashindano haya, hesabu hiyo inaporomoka ndani ya misimu mitatu, na anayeumia kwanza ni wa tatu na wa nne kwenye msimamo.

Mashabiki wafanye nini? Tusitegemee mahakama. Tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kanuni za FIFA na UEFA za kuidhinisha mashindano mapya zilikiuka sheria ya ushindani. Kinga iliyobaki ni ya ndani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2025 inayomwezesha mdhibiti huru kuzuia klabu kujiunga na mashindano yasiyokubalika. Ujerumani, kanuni ya 50+1 inawaachia wanachama kura nyingi, na Bayern na Dortmund zilikaa nje mwaka 2021. Lakini Real Madrid nayo ni ya wanachama, na rais wake ndiye aliyeongoza kujitenga. Kwa hiyo asilimia 51 ya wanachama tunayojivunia Msimbazi (Simba) na Jangwani (Yanga) haitoshi yenyewe. Inahitaji kifungu kwenye katiba ya klabu.

Tawi lako likipeleka hoja mkutano mkuu, lipeleke maneno yanayoeleweka: klabu haitajiunga na mashindano yoyote yasiyofuzwa kwa matokeo ya ligi ya ndani bila kura ya theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria, na rasimu ya mkataba isomwe na matawi siku 30 kabla. Ongeza sharti kwamba bodi ya wakurugenzi haiwezi kusaini hata makubaliano ya awali kabla ya kura hiyo, kwa sababu klabu 12 za 2021 zilikuwa zimeshasaini mashabiki walipopata habari.