Mkojo Unaponitoka Nikiruka Kamba: Maswali ya Wanawake Kuhusu Mazoezi

Kutwa nadeki, nafua, nachota maji. Muda wa mazoezi nautoa wapi?
Kazi zinazokupandisha pumzi, kiasi kwamba unaweza kuongea ila huwezi kuimba, zinahesabika. Kuchambua mchele umekaa, hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Tangu mwongozo wa 2020 si lazima zifike dakika 10 mfululizo. Hata tano tano zinajumlishwa.

Nikikimbia au kuruka, mkojo unanitoka. Niache?
Usiache. Wengi huona haya kulitaja hili, husingizia magoti. Ujauzito, kujifungua, kukoma hedhi, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni hulegeza misuli inayoshikilia kibofu. Ukitua chini kwa kishindo, tumbo hukisukuma kibofu, nayo misuli haiwahi kubana. Kwa sasa tembea haraka au panda ngazi, huku ukiiimarisha. Na usijinyime maji: mkojo mzito huwasha kibofu, choo nacho kinakuwa kigumu.

Misuli hiyo naiimarishaje?
Lala chali, kunja magoti. Bana kana kwamba unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, kisha vuta kuelekea juu. Shikilia sekunde 5 (ukiweza 2 tu, anza na hizo), legeza kabisa kwa muda uleule. Rudia mara 8 hadi 10, asubuhi, mchana na usiku. Ongeza taratibu hadi sekunde 10, kisha fanya ukiwa umekaa na umesimama.

Wanaokosea hubana matako na mapaja, huzuia pumzi, au husukuma chini kama wanaojifungua. Huko kusukuma kunazidisha tatizo. Kukata mkojo katikati jaribu mara moja tu ili uitambue misuli. Ukifanya hivyo kwa mazoea, kibofu kinaweza kubaki na mkojo.

Bana pia kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua ndoo. Jipe miezi 3 bila kuruka siku.

Na nikiwa kwenye hedhi?
Fanya. Maumivu yakizidi, punguza kasi.

Barabarani wananizomea.
Kosa ni lao, lakini usalama wako kwanza: nendeni wawili au watatu, kukishapambazuka. Siku nyingine fanya ndani, kwa kuinuka na kukaa kitini mara 10, raundi 3. Dera halizuii kitu hapo.

Niende hospitali lini?
Mkojo ukiwa na damu au ukichoma, nyama ikichomoza ukeni, au miezi 3 ikipita bila nafuu. Ukivuja mfululizo mchana na usiku, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi fistula iliyokwisha kukomaa. Hutibiwa kwa upasuaji. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huwatibu wenye fistula bila malipo.