Bandama likipasuka, si lazima liondolewe

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba bandama lililopasuka ajalini dawa yake ni moja: kulitoa, maana mtu huishi bila hilo. Kuishi, ndiyo, lakini mwaka 1952 King na Shumacker, madaktari wa Marekani, walieleza maambukizi makali kwa watoto wachanga waliotolewa bandama. Siku hizi, mgonjwa ambaye presha yake imetulia anaweza kupitishiwa mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi ateri ya bandama, yaani mshipa unaoliletea damu, nayo ikazibwa kwa vijiwaya vya metali vilivyosokotwa. Bandama halifi? Mara nyingi halifi: mishipa midogo ya jirani, itokayo upande wa tumbo la chakula, huendelea kulilisha, ila msukumo hupungua na damu jerahani hupata nafasi ya kuganda. Yule ambaye presha inaporomoka, huyo bado ni wa kisu.